Msemaji Nje ya Mlango

Ijumaa tarehe 10 Mei 2019, saa nane na dakika arobaini mchana, Yaa Konamah Asubonteng aliandika maneno manne katika faili la mgonjwa wa chumba cha pembeni, wodi ya upasuaji ya wanaume, hospitali ya rufaa ya Asuokwa: "Mgonjwa ameonwa. Mazungumzo yanaendelea." Akatia sahihi, akaandika cheo chake, mwanasaikolojia mwanagenzi, akalirudisha faili kwenye toroli la wauguzi. Maneno hayo yapo mpaka leo. Wino ni wa bluu, mwandiko umenyooka, na hakuna kilichofutwa.

Mazungumzo hayakuwa yakiendelea. Yalikuwa yamekwisha robo saa kabla, na jibu lilikuwa limepatikana.

Konamah alikuwa na miaka ishirini na minane. Ni mtoto wa tatu wa fundi cherehani wa Mampong na dereva wa lori la mbao. Alisoma saikolojia kwa sababu alama zake hazikutosha kwa udaktari, na hilo hulisema bila kuulizwa. Baada ya shahada ya uzamili alibakiwa na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, ambao bila huo Baraza la wanasaikolojia halitoi leseni. Wenzake wengi walipelekwa hospitali za wagonjwa wa akili. Yeye alipelekwa Asuokwa, kwa wagonjwa wa figo, wa saratani na wa miguu.

Idara ya saikolojia ya Asuokwa ni chumba kimoja kilichokuwa stoo ya dripu. Kina meza mbili, feni isiyozunguka, kabati la chuma lenye kufuli, na Dakta Ewurama Quansah. Dakta Quansah ni Mfante wa miaka hamsini na minne, mnene, mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Alifanya kazi miaka kumi na minane katika hospitali ya akili, kisha akaomba kuhamishiwa huku, ambako hakuna aliyekuwa amemwomba aje. Mwanzoni madaktari walimpelekea wagonjwa wenye kelele tu. Siku hizi wanampelekea hata walionyamaza.

Wanagenzi wake huwafundisha mambo madogo mengi. Ukae usawa wa kitanda, usisimame juu ya mtu aliyelala. Usiseme "usijali." Usiangalie saa yako, angalia ya ukutani. Lakini zipo kanuni mbili ambazo hazijadiliwi. Ya kwanza: toa watu chumbani kabla hujauliza swali lolote, kwa kuwa mgonjwa aliyezungukwa na ndugu husema maneno ya ndugu. Ya pili: alichokisema mgonjwa huandikwa katika faili la idara na kufungiwa kabatini; katika faili la wodi, linalosomwa na kila anayepita, yanaandikwa maneno machache kuliko yote yanayowezekana.

Kanuni hizo zina sababu. Mwaka 2016 mwanagenzi mmoja aliandika katika faili la wodi kwamba mwalimu fulani ana virusi na hajamwambia mkewe. Kabla ya chakula cha jioni shemeji zake wanne walikuwa wamesimama kando ya kitanda chake. Wiki iliyofuata Dakta Quansah alinunua lile kabati kwa mshahara wake mwenyewe.

Konamah alizishika kanuni hizo kuliko mwanagenzi yeyote aliyemtangulia. Ripoti yake ya mwezi wa tatu ina mstari mmoja tu chini ya kichwa cha tabia kazini: "Makini. Hachezi na siri." Wodini walimpa jina. Akionekana mwisho wa ukumbi na daftari lake, kulikuwa na muuguzi aliyeitwa Dufie ambaye hakukosa kupaza sauti:

"Jamani, Madam Tokeni huyo anakuja! Kila mtu abebe viatu vyake!"

"Sista Dufie, na wewe utatoka."

"Mimi? Mimi nimezaliwa wodi hii."

Nana Apenten Boamah wa Pili alilazwa Jumatatu tarehe 6 Mei. Alikuwa chifu wa Abesewa, maili kumi na mbili kutoka hospitalini, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, na kisukari cha miaka kumi na minne. Ukanda wa kandambili yake ya kichifu ulimchuna kati ya vidole vya mguu wa kulia wakati wa sherehe za Pasaka. Kidonda kiliongezeka. Alipofika, vidole viwili vilikuwa vyeusi na harufu ilitangulia machela.

Daktari wa upasuaji, Alhassan Wumbei, hakuhitaji muda. Mguu ukatwe chini ya goti, Jumatatu ijayo ikiwa ndiyo siku ya mwisho. Baada ya hapo sumu itapanda na hakutakuwa na cha kukata. Alimwambia Nana Jumanne, akarudia Jumatano na Alhamisi. Mara zote tatu jibu lilitoka kwa mzee aliyeketi kichwani mwa kitanda, Okyeame Nsiah Dapaah, msemaji wa chifu, na lilikuwa lile lile.

"Nana amesikia."

Mara zote tatu Dakta Wumbei aliandika katika faili: "Mgonjwa hajakubali."

Hakuna mtu wodini aliyehitaji kuambiwa kwa nini. Mtu asiye na kiungo kamili hakalii kigoda cha uchifu. Siku mguu utakapokatwa, wazee wa Abesewa watamvua kandambili za uchifu, na aliyeingia chumba cha upasuaji akiwa Nana, jina la heshima ya kigoda, atatoka akiwa Boamah, karani mstaafu wa mizani ya kakao. Kabla yake kigoda kile kilikaa miaka tisa bila mtu, koo mbili zikikivuta, na watu wawili walikufa katika mvutano huo. Yeye ndiye aliyekubaliwa na pande zote. Wazee wake hawakuwa na haraka ya kuanza upya.

Nyayo za chifu hazigusi ardhi. Kwa hiyo kila asubuhi, Dufie alipokuwa akisafisha kidonda, Okyeame Dapaah alipiga magoti na kuishika kandambili chini ya mguu unaooza, kwa mikono miwili, bila kugeuza uso. Alikuwa na miaka sabini na moja. Alikuwa fundi wa kuezeka mapaa kabla ya kupewa fimbo ya usemaji. Dufie, ambaye mama yake ni wa Abesewa, alisema hajawahi kuona mtu akivumilia harufu ile kwa adabu namna hiyo.

Alhamisi jioni Dakta Wumbei alisimama mlangoni mwa iliyokuwa stoo ya dripu.

"Dakta Quansah, nina mguu unaooza na mdomo usiofunguka. Nipe mtu wako mmoja."

"Nitakupa Konamah."

"Yule wa tokeni?"

"Huyo huyo. Una mwingine?"

"Dakta, nina mpaka Jumatatu. Nipe hata mganga."

Ijumaa saa nane kasorobo Konamah aliingia chumba cha pembeni. Walikuwepo Nana, msemaji wake, na vijana wawili wa nyumba ya chifu waliokaa sakafuni. Konamah alivua viatu, akainama na kumsalimu Nana kupitia kwa msemaji, kama inavyopasa. Kisha akasema alichofundishwa kusema.

"Wazee wangu, nawaomba chumba. Nataka kuongea na Nana peke yake."

Vijana waliinuka. Msemaji hakuinuka.

"Binti, wewe Mwasante?"

"Ndiyo, baba. Wa Mampong."

"Mampong siku hizi hakuna machifu?"

Vijana walicheka mlangoni.

"Wapo, baba."

"Basi unajua mimi si mgeni aliyeleta uji. Mimi ndiye sikio lake na ndiye mdomo wake. Unataka kuongea na mtu, unautoa mdomo wake nje. Mpango gani huo?"

"Baba, si dharau. Hospitalini mgonjwa anasikilizwa peke yake. Hata mke wa mtu tunamwomba atoke. Hata mchungaji."

"Mchungaji mtoe tu, hata mimi wananichosha. Mimi ni kitu kingine."

"Ni sheria ya kazi yangu, baba. Nisipoifuata nitakuwa simsaidii."

Mzee alimtazama chifu wake. Nana, ambaye mpaka wakati huo hakuwa amemsemesha mtu yeyote wa hospitali moja kwa moja, aliinua kidole kimoja kutoka kwenye shuka.

"Okyeame. Kanywe maji."

Msemaji alisimama, akachukua fimbo yake. "Nitakuwa mlangoni," alisema. Alisimama huko nusu saa na ushei. Dufie alimletea kiti, akakikataa.

Konamah hakuwa mgeni wa mila hiyo. Akiwa na miaka tisa, kwenye matanga ya bibi yake, chifu mmoja alimuuliza jina na yeye akamjibu chifu usoni. Mjomba wake alimfinya sikio mpaka likatoa damu. Alimsimulia Dakta Quansah baadaye kwamba alilikumbuka jambo hilo pale pale, mbele ya Okyeame Dapaah, na akaliweka kando kama mtu anavyovua saa kabla ya kunawa mikono.

Yaliyosemwa chumbani yanajulikana kutokana na ukurasa mmoja na nusu aliouandika siku ile, na kutokana na maelezo aliyoyatoa baadaye mbele ya kamati ya Baraza. Nana ndiye aliyeanza.

"Umekula?"

"Bado, Nana."

"Mtu mwenye njaa ataniuliza nini kuhusu mguu? Kuna kenkey ya mahindi kwenye ule mfuko. Nimekatazwa. Chukua."

Konamah hakuchukua. Aliandika hilo pia, kwamba hakuchukua. Alimuuliza anajua nini kuhusu ugonjwa wake, na Nana alijua yote, pamoja na siku ya Jumatatu. Aliuliza maswali yake mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama karani anayekagua mzigo. Mguu wa bandia unafungwaje. Mtu wa mguu mmoja anaweza kufika shambani?

"Anaweza, Nana, akifundishwa. Si shamba la mlimani."

"Langu ni la bondeni. Na kulala na mke?"

"Hilo ndilo swali la kwanza la wanaume wote wa wodi hii, Nana. Jibu ni ndiyo."

Nana alicheka mpaka akakohoa. Mlango uligongwa mara moja kwa fimbo. "Niko salama," Nana aliita, na mlango ukanyamaza.

Baada ya hapo aliutazama mguu wake. Konamah aliangalia saa ya ukutani; zilipita dakika nne. Kisha Nana akasema hivi, na maneno haya yamepigiwa mstari katika faili la idara:

"Nimekuwa Nana miaka kumi na moja. Kabla yake nilikuwa Boamah miaka hamsini na miwili. Boamah anataka kuishi. Mwambie huyo mkataji akate."

"Nana anasema anakubali mguu ukatwe?"

"Nimesema. Lakini wasilisikie kwako. Dada yangu, malkia mama, anakuja Jumatatu asubuhi na wazee. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, kisha nitaweka dole gumba kwenye karatasi yenu. Kabla ya hapo lisitoke."

"Halitatoka, Nana."

Alitoka saa nane na dakika ishirini na tano. Msemaji alikuwa bado amesimama. "Umemaliza naye?" aliuliza. "Nimemaliza, baba. Ahsante kwa uvumilivu." Mzee aliingia bila kujibu na kuurudisha mlango nyuma yake.

Konamah aliandika kurasa zake, akazifungia kabatini, akarudi wodini na kuandika yale maneno manne. Alikuwa na sababu zaidi ya kanuni: faili la wodi lingepita mikononi mwa Dufie, mama yake Dufie ni wa Abesewa, na siku ya pili yake ilikuwa siku ya soko. Alikutana na Dakta Wumbei ngazini.

"Vipi?"

"Nadhani Jumatatu itawezekana, Dakta."

"Unadhani au unajua?"

"Siwezi kusema zaidi."

"Nyinyi watu na siri zenu," alisema Wumbei. Lakini alikwenda kuandikisha chumba cha upasuaji kwa saa nne asubuhi, Jumatatu.

Wanagenzi wa saikolojia hawafanyi kazi Jumamosi na Jumapili. Konamah alikwenda Mampong, akamsaidia mama yake kupinda sketi za shule, akaenda kanisani. Anasema alilala vizuri siku zote mbili. Hilo nalo alilisema mbele ya kamati bila kuulizwa.

Jumapili mchana homa ya Nana ilipanda. Kufikia alasiri alikuwa hajui alipo. Kwa mujibu wa Dufie, alikuwa akiita majina ya wakulima, mmoja mmoja, na baada ya kila jina akitaja uzito wa gunia, kisha anasema "anayefuata." Okyeame Dapaah aliitikia kila jina.

Jumatatu saa mbili asubuhi malkia mama, ambaye kwa mila ndiye humteua chifu, Nana Pokuaa Kesewaa, mwanamke wa miaka sabini aliyenyoa kichwa, aliingia na wazee wanne. Ndugu yake alimtazama, akamuuliza kama magunia yake yamekauka.

Konamah alipofika, watu walikuwa wamejaa ukumbini na Dakta Wumbei alikuwa ameshika fomu ya ridhaa mkononi kama tiketi ya safari iliyokwisha ondoka. Alielewa mara moja. Alikwenda kwanza kwa Dakta Quansah, mbio, akamweleza kwa sentensi tatu na kuuliza kama anaweza kuivunja siri.

"Mtu anakufa," Dakta Quansah alisema. "Vunja."

Konamah alirudi akasimama mbele ya wazee. Alisema kwamba Ijumaa Nana alikubali kukatwa mguu, kwa akili timamu, na kwamba alitaka kuwaambia mwenyewe leo.

Wazee walimgeukia msemaji, si yeye.

"Okyeame, umelisikia neno hilo kwa Nana?"

"Sikulisikia."

"Ulikuwa wapi?"

"Mlangoni. Huyu binti alinitoa."

Mzee mmoja aliyevaa kitambaa cheusi alimwangalia Konamah kuanzia viatuni. "Kwa hiyo chifu wa Abesewa amekubali kukatwa mguu, na aliyesikia ni wewe."

"Ndiyo, baba."

"Wewe na nani?"

"Mimi peke yangu."

"Ee Dapaah, rudi ukaezeke mapaa. Kazi yako imepata msichana."

Dakta Wumbei alikuwa amefungua faili la wodi. Alisoma kwa sauti, kwa ajili ya wazee na kwa ajili yake mwenyewe: Jumanne, hajakubali. Jumatano, hajakubali. Alhamisi, hajakubali. Ijumaa, mgonjwa ameonwa, mazungumzo yanaendelea.

"Konamah, hayo ndiyo makubaliano?"

"Yako kabatini, Dakta. Nimeandika yote."

"Leta."

Alileta. Mganga mkuu wa hospitali alisoma ule ukurasa mmoja na nusu akiwa amesimama, kisha akampigia simu mwanasheria wa hospitali. Mazungumzo yalichukua dakika tisa. Maandishi yalikuwa ya mwanagenzi, hayakuwa na dole gumba wala shahidi, yalipingana na maandishi matatu ya daktari bingwa, mgonjwa sasa hakuweza kuulizwa, na ndugu zake walikuwa wanakataa. Mwanasheria alisema msikate.

Konamah alimwendea malkia mama. Alipiga magoti, na safari hii aliongea kupitia kwa Okyeame Dapaah, ambaye alilibeba kila neno kwa usahihi na kulikabidhi mbele.

"Mwambie Nana Pokuaa kwamba sisemi uongo. Ndugu yake anataka kuishi."

Malkia mama alijibu mwenyewe.

"Binti, ninakuamini. Boamah namjua, hayo ni maneno yake. Lakini nikirudi Abesewa na mtu hana mguu na kigoda hakina mtu, wataniuliza nani alisikia. Nitasema nini? Msichana wa Mampong?"

"Nana, atakufa."

"Nimesikia."

Saa nne, chumba cha upasuaji kilipewa mgonjwa wa henia.

Konamah alimkuta Okyeame Dapaah nje, kwenye bomba, akiosha ile kandambili kwa sabuni. Alisema alitaka kumwomba radhi. Mzee hakuacha kusugua.

"Unanidhania mimi sikutaka akatwe?"

"Sijui, baba."

"Sikutaka. Kweli. Mtu niliyemsimamisha mimi, nimwone anatembea na gongo kama mlevi? Sikutaka. Lakini mimi nimeapa. Ningekuwa ndani, akasema akate, ningelibeba neno hilo mpaka kwa wazee, hata kama lingenichoma ulimi. Nisingeweza kulimeza. Na wao wasingeweza kusema hawakulisikia." Alisuuza kandambili, akaikung'uta. "Wewe ulifikiri unamlinda na mimi."

"Ndivyo tulivyofundishwa."

"Najua. Uliniambia. Sheria ya kazi."

Nana Apenten Boamah wa Pili alifariki Jumatano tarehe 15 Mei, kama saa nne asubuhi. Konamah alikuwa wodi ya figo, na mgonjwa mwingine. Okyeame Dapaah alimtafuta mwenyewe, akasubiri nje mpaka alipotoka.

"Nimekuja kukuambia. Nana amekwenda kijijini kwake."

"Nimesikia, baba," alisema Konamah.

Chifu hasemwi kuwa amekufa mpaka wazee watangaze, na Abesewa hawakutangaza mpaka Julai. Kwa wiki saba wauguzi waliagizwa wakiulizwa waseme Nana anapumzika. Alitolewa hospitalini kwa mlango wa jikoni, akiwa amevaa kandambili zote mbili.

Kila mwanagenzi lazima awasilishe kisa kimoja mbele ya kamati ya Baraza. Dakta Quansah alimwambia Konamah angeweza kuchagua kingine. Alikuwa na visa kumi na vinne vilivyomalizika salama. Konamah alichagua hiki. Waliketi chumbani mwao, feni ikiwa imesimama juu yao, wakapitia kila saa.

"Angesema vile mbele ya msemaji wake?" Dakta Quansah aliuliza.

"Sijui."

"Fikiri."

"Nimefikiri, Dakta. Labda angekaa kimya mpaka afe. Labda angesema. Sijui."

"Hata mimi sijui. Kanuni ni zangu, wewe ulizifuata tu. Wiki ya tatu hii nalala saa mbili kwa usiku."

Kwa muda Konamah alijaribu njia nyingine. Badala ya kuwatoa watu, alimuuliza mgonjwa: ungependa nani abaki? Mwanamke mmoja wa saratani ya titi alisema mume wangu abaki, kisha kwa dakika arobaini hakusema lolote ila kwamba anaendelea vizuri. Kijana wa figo alisema mama yangu, na mama ndiye aliyejibu maswali yote. Mzee mmoja alimwangalia mwanawe kabla ya kujibu hata hilo swali la nani abaki. Mwezi wa saba Konamah aliacha, akarudi kwenye njia ya zamani. Dufie aliposema, "Naona Madam Tokeni amerudi kazini," Konamah alipita na daftari lake, na tangu hapo Dufie hajalitumia jina hilo.

Kamati ilikutana tarehe 19 Julai. Wajumbe watatu, hakuna aliyekuwa Mwasante. Mmoja aliuliza kama mwanagenzi aliitoa siri mapema kuliko inavyoruhusiwa, na Dakta Quansah akaeleza kuhusu hatari ya kifo. Mwingine aliuliza kama faili la idara lilikuwa limefungwa kwa kufuli wakati wote. Lilikuwa limefungwa. Konamah aliuliza, mwishoni, kama anaweza kuambiwa mahali alipokosea. Mwenyekiti alipitia karatasi zake mara ya pili.

"Sioni ulipokosea," alisema. "Kila kitu kipo."

"Mgonjwa alikufa, Mwenyekiti."

"Wagonjwa hufa, Bi Asubonteng. Sisi tunapima utaratibu."

Dakta Quansah aliandikia Baraza barua akiomba mwongozo wake wa faragha, ulio asili ya kanuni ya kwanza, uongezewe maelezo kuhusu machifu na wasemaji wao. Alijibiwa kwamba haki ya mgonjwa kusikilizwa faraghani ni ya watu wote bila kujali cheo, na kwamba mwongozo utapitiwa upya mwaka 2022. Barua hiyo ameibandika ndani ya mlango wa kabati.

Leseni ya Konamah ilitoka tarehe 16 Agosti, na hospitali ya Asuokwa imemwajiri kama mwanasaikolojia wa wodi za upasuaji. Ataanza Jumatatu tarehe 2 Septemba. Wanagenzi wawili wapya watafika siku hiyo hiyo, na ratiba inaonyesha kwamba kwa mwezi wa kwanza watakuwa chini yake.